Hadidiski, SSD ya SATA au NVMe: uweke ipi kwenye kompyuta unayoiunda mwenyewe

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alinijia baada ya Isha na karatasi mkononi. Prosesa keshanunua, madabodi keshanunua, RAM ya GB 16, pawasaplai, kasha lenye feni tatu za rangi rangi. "Ami, imebaki diski tu. Nichukue ipi?" Nikamuuliza anataka kuweka nini ndani yake. Akanitazama kama niliyemuuliza jina la bibi yake. Hilo hakulifikiria.

Wengi hukwama hapohapo. Prosesa ikifa unanunua nyengine na kazi inaendelea. Diski ikifa inaondoka na vitu vyako. Ndiyo maana nikiulizwa habari ya diski sianzii kwenye kasi.

Zilizopo ni tatu. Hadidiski ni ile ya sahani zinazozunguka na vichwa vinavyosoma bila kugusa. Asili yake ni ya mwaka 1956, pale IBM ilipotoa mashine yenye sahani 50 za inchi 24 kila moja, iliyobeba herufi milioni 5 tu. Leo sahani ni ndogo na nafasi ni kubwa mno, lakini mtindo ni uleule: sahani, mota, kichwa. SSD ya SATA haina kinachozunguka, ni chipu tupu ndani ya kibati cha inchi 2.5, na huchomekwa kwa kebo zilezile za hadidiski. NVMe nayo ni kipande chembamba mfano wa ubani wa kutafuna, kwa kawaida milimita 22 kwa 80, kinacholala juu ya madabodi yenyewe na kuzungumza na prosesa kupitia njia za PCIe.

Nitazipima kwa mambo matano: kasi unayoihisi (si ile ya kwenye boksi), nafasi unayopata kwa fedha yako, zinavyostahimili umeme na hewa yetu ya bahari, zinavyokufa, na kama madabodi yako inazikubali. Hayo ya katikati ndiyo yenye maneno mengi.

Kasi

Hadidiski ya mizunguko 7,200 kwa dakika husoma faili moja kubwa lililonyooka kwa kiasi cha MB 150 hadi 250 kwa sekunde. Si haba. Tatizo lake ni vifaili vidogo. Kichwa kihame, sahani izunguke hadi mahali panapotakiwa, hapo zimekwenda milisekunde kama 12, na kuwasha Windows ni kusoma maelfu ya vifaili vilivyotawanyika. SSD kwa kawaida hufika kwenye faili kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milisekunde au chini yake. Mtu akitolewa hadidiski na kuwekewa SSD ya SATA hudhani umembadilishia kompyuta nzima.

Ukitoka SATA kwenda NVMe mambo si hivyo. Kwa hesabu, SATA inakomea MB 550 hivi kwa sekunde, NVMe ya PCIe 3.0 inafika 3,500, na ya 4.0 inakaribia 7,000. Kwa macho, Word itafunguka vilevile na mtandao utafunguka vilevile. Chukua mpiga video za harusi anayerudi na GB 60 kwenye kadi ya kamera. Kadi ikiwa inasoma MB 90 kwa sekunde, atasubiri dakika kama 11 kunakili, awe na hadidiski, SATA au NVMe, kwa sababu kadi ndiyo inayovuta nyuma. Tofauti ataiona baadaye, anapohamisha zile GB 60 kutoka diski moja hadi nyengine ndani ya kasha: hadidiski karibu dakika saba, SATA dakika mbili, NVMe mbili zenye nguvu sekunde ishirini na kitu. Na ataiona anapoburuta video nzito za 4K kwenye programu ya kuhariri. Mwanafunzi wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, anayeandika tasnifu hataiona kabisa.

Nafasi kwa fedha

Hapa hadidiski inatamba, lakini kuanzia TB 2 kupanda. Chini ya hapo, mota, kasha na vichwa vinagharimu vilevile hata sahani ikiwa ndogo, kwa hiyo hadidiski mpya ya GB 500 haina maana tena. SATA na NVMe za ukubwa mmoja siku hizi zimekaribiana bei, na mara nyengine NVMe ndiyo ya chini. Uliza zote mbili kabla hujalipa.

Jihadhari na mitego mitatu. SSD za bei ya chini kabisa hazina kumbukumbu ya DRAM ndani yake, na nyingi hutumia chipu za QLC, zinazobana biti nne kwenye kila kijichumba. Zinakwenda mbio mwanzoni, kisha ukinakili faili refu zinachoka katikati na kasi inashuka wakati mwengine chini ya hadidiski. Kwa kazi za ofisini hutajua, kwa video utajua siku ya kwanza. Pili, baadhi ya hadidiski huandika kwa mtindo wa SMR, mistari ikilaliana kama makuti ya paa. Ni nzuri kwa kuhifadhi, mbaya kwa kuandika juu ya kilichokuwepo kila siku, basi kama ni ya kazi tafuta iliyoandikwa CMR, mistari isiyolaliana. Tatu ni vile vidude vya "TB 16" vinavyouzwa kwa bei ya sahani ya biriani. Ndani mna chipu ndogo iliyofundishwa kusema uongo. Kijaze chote kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux kabla hujakiamini na picha hata moja.

Na ukiona diski ya TB 1 Windows inakuonesha 931, usirudi dukani kugomba. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Hujaibiwa.

Umeme, joto na chumvi

Sisi wa visiwani umeme wetu unapita chini ya bahari, Unguja kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, Pemba kutoka Tanga tangu mwaka 2010. Waliokuwa watu wazima mwaka 2008 wanakumbuka karibu mwezi mzima wa giza Unguja, kisha likaja lile la Disemba 2009 hadi Machi 2010. Hayo yamepita, kebo mpya imewekwa mwaka 2013, lakini kukatika kwa dakika kumi na kurudi kwa kishindo bado ni mambo ya kawaida, hasa masika.

Hadidiski umeme ukikatika huvirudisha vichwa mahali pa usalama kwa nguvu ya mzunguko uliobaki, kwa hiyo ikiwa nzima haikwaruziki. Kilichokuwa kinaandikwa ndicho kinachopotea. SSD, iwe SATA au NVMe, haina cha kukwaruzika, lakini ina daftari lake la ndani linalosema kipi kiko wapi, na zile za kawaida hazina akiba ya umeme ya kulimalizia daftari hilo likikatizwa katikati. Mara nyingi linajirekebisha. Mara chache halijirekebishi, na hapo diski nzima hupotea. Kwa hiyo aina zote tatu zinataka UPS, ile betri inayoshika umeme ukikatika. Hata ndogo ya VA 650 inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa heshima. Mtu ananunua NVMe ya fedha nyingi halafu anachomeka kompyuta moja kwa moja ukutani! Kama fedha haitoshi vyote viwili, shuka daraja la diski, nunua UPS.

Joto linaisumbua zaidi NVMe. Ni ndogo, inafanya kazi kubwa, na ikipata moto sana hujipunguzia kasi yenyewe. Kaskazi ya Januari na Februari, chumba cha mabati kisicho na dari, kasha limesukumwa ukutani: kasi uliyoilipia huioni. Weka kile kibati cha kupozea, mara nyingi kinakuja na madabodi, na usisahau kubandua plastiki ya gundi chini yake. Nimekuta ambazo hazikubanduliwa mwaka mzima. SATA haina shida hiyo. Hadidiski inataka upepo wa feni mbele yake, basi.

Chumvi inakula plagi. Nyumba zilizo karibu na pwani, miguu ya dhahabu ya RAM na ya diski hufanya ukungu, kompyuta ikaanza kusema haioni diski, na fundi akakuuzia mpya. Zima, chomoa umeme, sugua taratibu kwa kifutio cha penseli, futa kwa alkoholi safi, rudisha. Mara nyingi inaamka. SATA na hadidiski zina plagi mbili za kuangaliwa, za data na za umeme, NVMe ina moja. Hadidiski ya akiba inayokaa kabatini itie kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Zinavyokufa

Mwaka juzi nilinunua hadidiski ya mtumba ya TB 4. Duka silitaji. Ilikuwa safi, stika inang'aa. Nikaweka humo picha za harusi ya binti wa dada yangu. Miezi minne baadaye ikaanza kulia tiki, tiki, tiki. Nilipoisoma kwa CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, jambo nililopaswa kulifanya palepale dukani, iliniambia imefanya kazi saa 52,000. Mwaka una saa 8,760. Ilikuwa imezunguka karibu miaka sita bila kulala, pengine ndani ya mashine ya kamera za ulinzi.

Lakini ilinipa muda. Kwa ddrescue, programu ya kuvuta data kwenye diski mbovu, usiku tatu mfululizo, nilivuta karibu kila kitu. Tulikosa picha za kupaka hina, na dada yangu mpaka leo akiniona na kompyuta hunikumbusha. Hadidiski mara nyingi hufa kama mzee, inaugua kwanza. Kelele, faili zinazogoma kufunguka, kunakili kunakosita.

SSD ya jirani yangu ilikufa kwa namna nyengine. Jioni ilikuwepo, asubuhi BIOS, ile programu ya madabodi inayoiwasha kompyuta, haiioni. Hakuna kelele, hakuna dalili, hakuna cha kuvuta. Hilo ni sawa kwa SATA na kwa NVMe. Na faili ulilolifuta kwenye SSD halirudi kirahisi, kwa kuwa mfumo hutuma amri ya TRIM na diski ikasafisha mahali pake. Kwenye hadidiski ya CMR uliyofuta jana, uwezekano wa kulipata ni mkubwa.

Uchakavu wa kuandika watu wanauogopa bure. Samsung 870 EVO ya GB 500 imeahidiwa TB 300 za kuandikwa. Ukiandika GB 40 kila siku ya Mungu, hiyo ni miaka ishirini. Kitakachoiua ni umeme, joto au bahati.

Kwa akiba ya kuweka kabatini, hadidiski inabaki bora. SSD iliyochakaa na kukaa muda mrefu bila umeme inaweza kusahau ilichokibeba, na joto linaharakisha usahaulifu huo. Ila mtu akikwambia atakufungulia hadidiski juu ya meza ya duka akuoneshe tatizo, mnyang'anye. Chembe moja ya vumbi ni kubwa kuliko nafasi iliyopo kati ya kichwa na sahani.

Madabodi inasemaje

Hadidiski na SSD ya SATA zinakwenda popote, hata kwenye kompyuta za ofisi za mtumba za miaka kumi iliyopita. NVMe inataka slotu ya M.2, ule mwanya mdogo juu ya madabodi, inayokubali NVMe, na hapa ndipo watu wanapoumia, maana kuna SSD za M.2 ambazo ndani yake ni SATA. Umbo ni lilelile. Yenye pengo moja kwenye meno kwa kawaida ni NVMe, yenye mapengo mawili mara nyingi ni SATA. Soma kitabu cha madabodi, si midomo ya muuzaji. Bodi nyingi za kabla ya mwaka 2015 haziwaki kutoka NVMe hata ukiiweka kwa kadi ya kuunganishia. Na kwenye bodi fulani, ukijaza slotu ya M.2 soketi moja au mbili za SATA zinazimika. Nimewahi kubadilisha kebo tatu nikidhani hadidiski imekufa, kumbe nilisoma nusu ya ukurasa.

Kuzipanga: moja, mbili, au mbili pacha

Kuchagua aina ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuzipanga.

Diski moja uliyoigawa patisheni mbili, C ya mfumo na D ya vitu vyako, ni rahisi na inatosha watu wengi. Faida yake ni kwamba Windows ikiharibika unaifuta C na kuiweka upya bila kugusa D. Hasara ni kwamba diski ikifa zinakufa zote mbili. Wapo wanaodhani D ni bekapu. D ni chumba cha pili cha nyumba ileile.

Diski mbili tofauti, SSD ya GB 250 au 500 kwa mfumo na hadidiski kwa picha na video, ndizo ninazoziweka mara nyingi zaidi. Mfumo unakwenda mbio, nafasi inakuwepo, na mmoja akifa mwengine anabaki. Inataka nidhamu kidogo: uhamishe folda za Picha na Nyaraka ziende kwenye diski kubwa, la sivyo kila kitu kitarundikana C. Kwa Linux, weka mfumo kwenye SSD, na data kwenye patisheni ya ext4 (mtindo wa Linux wa kupanga mafaili) ya hadidiski.

Mbili pacha, yaani RAID 1, kila kinachoandikwa huandikwa pande zote mbili. Moja ikifa unaendelea na kazi bila kusimama. Inamfaa mwenye duka asiyeweza kufunga nusu siku. Lakini ukifuta faili kwa makosa linafutika pande zote mbili palepale, na kirusi kikifunga mafaili kinafunga pande zote mbili. Na ni fedha ya diski mbili kwa nafasi ya moja.

Hakuna mpangilio hata mmoja kati ya hiyo unaokuondolea diski ya tatu, ile ya nje, inayochomekwa Ijumaa na kuchomolewa. Kuna watakaosema watapandisha vyote mtandaoni. TB 1 kwa kasi ya kupandisha ya Mb 10 (megabiti, si megabaiti) kwa sekunde ni siku tisa na kidogo, usiku na mchana, umeme usikatike. Pandisha nyaraka na picha teule, mengine yakae kwenye hadidiski nyumbani kwa ndugu.

Siku ya kuchomeka, mambo manne tu. Kebo za pawasaplai moja usizitie kwenye nyengine hata zikiingia, kwa sababu upande wa pawasaplai kila kiwanda hupanga nyaya zake, na diski huungua sekunde ileile. NVMe ichomeke kwa kuinama kidogo kisha uilaze na kuibana kwa kile kiskurubu kidogo, kitafute kabla hujaanza, kinapotea kama punje ya mtama. Unapoweka Windows, chomeka diski moja tu, kwani ikikuta mbili yaweza kuweka sehemu ya kuwashia kwenye ile nyengine, na siku ukiitoa kompyuta haiwaki. Mwisho, kwenye mtindo wa kugawa diski chagua GPT badala ya MBR ya zamani, kwa kuwa MBR haioni zaidi ya TB 2, na Windows 11 inataka UEFI (mrithi wa BIOS), inayokwenda na GPT.

Sasa, wewe ni nani?

Mwanafunzi au mwalimu wa skuli, kazi ni maandishi, slaidi na video za YouTube: SSD moja ya GB 500, aina yoyote inayokubaliwa na madabodi na iliyo rahisi siku hiyo, patisheni mbili, na flashi nzuri ya nyaraka. Kilichobaki ongeza kwenye RAM.

Mpiga picha au mhariri wa video: NVMe yenye DRAM kwa mfumo na mradi unaoendelea, hadidiski ya CMR ya TB 4 au zaidi kwa kazi zilizokwisha, na nyengine ya nje ya ukubwa huohuo. Wewe ndiye ambaye NVMe inakulipa.

Unafufua kompyuta ya ofisi ya mtumba: SSD ya SATA, wala usijisumbue na mengine. Hadidiski yake ya zamani isome kwanza, na kama sekta (vijisehemu vya diski) zilizohamishwa kwa ubovu na zinazosubiri kuhamishwa bado ni sifuri, ibakize kama ghala la muziki.

Mpenda michezo: michezo mikubwa ya leo inakula GB 100 mmoja, kwa hiyo TB 1 ya kawaida inakufaa kuliko GB 500 ya mbio.

Duka au ofisi ndogo: SSD mbili za SATA pacha, UPS, na ya nje inayolala nyumbani kwa mwenye duka.

Uko Wete au Mkoani, kule Pemba, na spea ni lazima isubiri boti: hapo ningeacha kasi kabisa. Nunua SSD mbili ndogo za SATA za aina moja badala ya NVMe moja kubwa, ya pili uinakilie mfumo mzima na uifunge kwenye kopo. Siku ya kwanza ikigoma unabadilisha kebo mbili na kompyuta inawaka kabla ya Magharibi.

Yule kijana alirudi siku ya tatu na jibu: anataka kuhariri video za maulidi na za mpira wa mtaani. Nikamwandikia NVMe ya GB 500 na hadidiski ya TB 4. Akaitazama karatasi, akazitazama zile feni zake tatu za rangi rangi, akaniuliza, "Ami, hivi dukani wanazipokea zikirudishwa?"